Sprinti kwenye udongo wa nusu maili: mdogo wangu kapewa gari, mimi usingizi umepaa

DadaMkubwa

Wakuu, habari za jioni. Najua humu kuna watu wanaofuatilia mbio za udongo za Marekani kuliko wanavyofuatilia ndoa zao, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mdogo wangu yuko Pennsylvania. Misimu mitatu amekuwa akikimbiza vile visprinti vidogo, magari ya mbio ya mtu mmoja yenye injini ya pikipiki ya cc 600, kwenye viwanja vifupi ambavyo ukisimama katikati unaweza kumrushia mtu chungwa upande wowote. Hilo nilishalizoea. Sasa wiki iliyopita kanipigia simu anacheka peke yake: mwenye timu mmoja kampa gari kubwa, sprinti yenye injini ya inchi za ujazo 358, lenye bawa juu, na ataanzia kwenye uwanja wa nusu maili.

Nikafanya kosa la kuingia mtandaoni kutazama video. Gari linagusa kitu kidogo tu, linapaa, linazunguka hewani kama sarafu, linatua mbali na pale lilipoanzia. Nimezima simu.

Naomba kujua mambo mawili. Je, urefu wa uwanja ndio hatari yenyewe, au mimi tu natishika na ukubwa wa vitu? Na nimuulize nini huyu mtoto kabla hajajifunga mkanda kwenye gari la watu? Msinijibu "ajali haina kinga", hiyo nimeshaisoma nyuma ya daladala.

---

MtaniWaUkweli

Dada, ajali haina kinga.

(Natania. Nimekaa pembeni nasubiri wenye akili.)

---

HesabuKali

Dada pole, ila hutishiki bure. Nusu maili ni mita 805. Pale Eldora, Ohio, sprinti yenye injini ya inchi za ujazo 410 ikiwa peke yake kwenye muda wa kufuzu huzunguka kwa sekunde 13 hivi. Gawanya mwenyewe: karibu mita 62 kila sekunde, yaani kilomita 220 na ushee kwa saa, na huo ni wastani, kona zimo ndani yake. Knoxville kule Iowa nako ni nusu maili, wanazunguka chini ya sekunde 15, kwa hiyo wastani unazidi 190.

Gari lenyewe pamoja na dereva lina uzito wa chini unaoruhusiwa wa kama kilo 646, na injini ya 410 inatoa nguvu za farasi 900 hivi. Ya 358 ya mdogo wako ni pungufu, lakini si upungufu wa kukupa usingizi.

Hatari haipandi sambamba na mwendo. Ukitoka kilomita 160 kwenda 225 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa asilimia 40. Nguvu ambayo ukuta, kizimba cha vyuma kinachomzunguka dereva, na shingo lazima viigawane imekaribia maradufu, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa mwendo. Hapo ndipo uwanja mrefu unapokula watu: kosa ni lile lile, bili ndiyo tofauti.

---

Mbishi01

Napinga. Kila akifa mtu kwenye uwanja mrefu mnasema urefu. Jason Johnson, aliyeshinda mashindano makubwa ya sprinti, Knoxville Nationals, 2016, alipata ajali Beaver Dam, Wisconsin, Juni 2018, akafariki. Ule uwanja ni theluthi moja ya maili! Septemba ya mwaka huo huo Greg Hodnett akafia Pennsylvania, uwanja ambao nao haufiki nusu maili. Wote wawili walikuwa magwiji, si watoto wa kujifunza. Sasa huo urefu uko wapi?

Dada, mwache kijana aendeshe. Kwenye uwanja mfupi magari 24 yanabanana kama dagaa, tairi linapanda juu ya tairi kila raundi. Kwenye mrefu kuna nafasi ya kupumua.

---

HesabuKali

Mbishi, mifano yako ni kweli tupu na sijaikataa. Mimi nimesema bili inakuwa kubwa, sijasema uwanja mfupi ni bure.

---

FundiSpana

Nimesoma, nimecheka, sasa nijibu. Nimekaa pitini, pale magari yanapotengenezwa, kwa misimu tisa kwenye timu ndogo za Pennsylvania na Ohio. Sijawahi kuendesha na sitaendesha, kazi yangu ni kuhakikisha nati ziko pale zilipoachwa.

Dada, Mbishi na Hesabu wote wana haki nusu. Urefu peke yake hauui. Urefu unafichua. Gari lenye kasoro ndogo linaweza kumaliza msimu mzima kwenye uwanja mfupi bila mtu kujua. Lipeleke nusu maili, ndani ya usiku mmoja limesema ukweli wote.

Sababu ni hii. Mwanzoni mwa usiku udongo una maji na unashika. Tairi la nyuma kulia, lile pana kama ngoma, linauma na kuchimba. Baada ya mashindano ya mchujo kwenye mlango wa kona kunakuwa na mitaro, na juu karibu na ukuta kunarundikana kituta cha udongo laini. Dereva anaegemeza tairi la kulia kwenye kile kituta, ndipo penye mwendo. Sasa gari likiingia kwenye mtaro kwa mwendo wa kawaida linaruka kidogo, linatua, maisha yanaendelea. Likiingia kwa mwendo wa nusu maili, gurudumu la mbele kulia linapigwa kama nyundo, raundi baada ya raundi, mara 25 au 30. Fimbo za springi, mikono ya stelingi, jointi, ekseli, vyote vinapokea kipigo hicho.

Nikupe mfano wa karibu. Usiku mmoja kabla ya fainali, tumekwangua matope (yale yanayoganda ndani ya rimu ni kilo kadhaa, usipoyatoa gari linatetemeka kama lina homa), kijana wetu mpya anapitisha mkono kwenye fimbo inayoshikilia ekseli ya mbele. Akaniita: "Fundi, hii loki-nati inazunguka kwa vidole." Ni ile nati ya kufungia, isiyotakiwa kusogea. Kweli, ilikuwa imelegea. Aliyeikaza mchana ni mimi. Nilikaa chini kwenye tairi kama dakika nzima sisemi neno. Magari yakaitwa, tukafunga, tukasukuma, gari likaenda. Tangu siku ile kila nati ya mbele naichora mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imesogea.

Jason Leffler, Juni 2013, Bridgeport, New Jersey. Uwanja wakati ule ulikuwa wa tano ya nane ya maili, mita elfu moja na kidogo. Kitu kilivunjika mbele kwenye springi, gari likageukia ukutani kwenye mnyoosho, si kwenye kona. Daktari alisema kilichomuua ni jeraha la shingo. Dereva wa aina yake, aliyepita NASCAR, mbio kubwa za magari za Marekani, na Indianapolis, hakuwa na kosa lolote la kuendesha pale. Mnyoosho ndipo mahali ambapo watu wengi wanadhani dereva anapumzika.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mdogo wako lisiwe "unakwenda kasi gani". Mwulize: nani anapitisha mkono kwenye zile nati, na anapitisha mara ngapi kwa usiku?

---

DadaMkubwa

Fundi Mungu akuweke. Ila hiyo ya kukaa kwenye tairi dakika nzima umenimaliza.

Mbishi, nakuheshimu, lakini mdogo wangu si dagaa.

---

MzeeWaKumbukumbu

Wanangu, mnabishana jambo lenye umri wa karibu miaka mia. Ngojeni niwape ya zamani.

Palikuwa na uwanja Pennsylvania hiyo hiyo, unaitwa Langhorne, ulifunguliwa 1926. Maili moja, na ni duara tupu. Hakuna mnyoosho hata mmoja. Dereva alikuwa anateleza kona isiyokwisha kwa saa nzima, na kulikuwa na kipande kilichojaa mashimo walichokiita Puke Hollow, yaani bonde la kutapikia, na hilo jina halikuwa utani. Mike Nazaruk alifia pale 1955. Jimmy Bryan, aliyeshinda Indianapolis 500 mwaka 1958, alifia pale Juni 1960. Mwaka 1965 wakamwaga lami, 1971 wakafunga moja kwa moja.

Halafu ujue 1966. Juni, uwanja wa nusu maili wa Reading, Pennsylvania: Jud Larson na Red Riegel wamekufa katika ajali moja. Novemba mwaka huo huo, Ascot, California, nusu maili: Don Branson na Dick Atkins, ajali moja. Wanaume wanne ndani ya miezi kama mitano. Magari yale hayakuwa na kizimba cha vyuma juu ya kichwa. Gari likipinduka, kichwa cha dereva kilikuwa na kinga ndogo mno. Na kulikuwa na wakongwe waliosema kizimba ni cha waoga! Wengine waliamini ni heri kurushwa nje kuliko kubaki ndani.

Miaka ya 1970 kizimba kikawa lazima. Viwanja havikufupishwa, Reading na Ascot viliendelea na urefu ule ule. Kilichobadilika ni kile kilichomzunguka dereva.

---

MtaniWaUkweli

Mzee ukianza kuhesabu marehemu natamani kuzima data.

---

NesiWaZamu

Naomba niingie na mimi, maana hapa mmeongelea gari tu.

Wikendi zangu za kiangazi nipo kwenye kikosi cha uokoaji, kwa kujitolea. Kwenye uwanja mfupi nikiwa nimekaa katikati, gari lolote liko sekunde chache kutoka kwangu. Kwenye nusu maili, kama gari letu limeegeshwa karibu na mstari wa kumalizia na ajali imetokea mwisho wa mnyoosho wa nyuma, lazima tukate uwanja mzima wa ndani, tuzunguke matairi ya trekta na mitaro ya maji, tusubiri magari yapungue mwendo. Dakika inaisha hivi hivi. Dakika moja ni kitu gani? Kama gari limetulia na dereva anapunga mkono, si kitu. Kama kuna moto, dakika ni maisha.

Na moto wa haya magari, dada, si moto unaoujua. Wanatumia methanoli. Mchana inawaka karibu bila kuonekana. Mara ya kwanza kuuona sikuuona: niliona hewa juu ya gari inacheza, kama barabara ya lami saa saba mchana, na dereva anajipiga kifuani kwa mikono yote miwili. Nilidhani amechanganyikiwa. Mwenzangu ndiye aliyepiga kelele "anaungua!" Uzuri wa methanoli ni kwamba inakubali maji, inachanganyika nayo, ndoo ya maji inasaidia pale ambapo petroli ingekucheka. Lakini lazima mtu mwenye maji na nguo za kuzuia moto awepo, na awepo upande ule.

Someni kisa cha Doug Wolfgang. Aprili 1992, Lakeside, Kansas, aligonga ukuta akabanwa ndani ya gari linalowaka. Aliungua vibaya sana. Alifungua kesi, na jopo la mahakama likaona waandaaji walipuuzia maandalizi ya moto kwa kiwango cha kutojali kabisa, wakaamriwa kumlipa zaidi ya dola milioni moja, ingawa alikuwa amesaini ile karatasi ya "naingia kwa hiari yangu". Rufaa ikakubaliana na hukumu. Kwa hiyo karatasi ile asimwogopeshe nayo mtu, lakini pia asiitegemee mahakama. Mahakama inakuja ngozi ikiwa imeshaungua.

Mwambie akifika atembee, aulize: gari la zimamoto liko ngapi, limekaa wapi, na waliomo wamevaa nini. Kama jibu ni "yupo mzee mmoja na mtungi", arudi nyumbani.

---

Mbishi01

Nesi hapo nimenyamaza. Ila suala la bawa bado hamjanijibu. Kama tatizo ni mwendo, ondoeni lile bawa! Bawa ndilo linalogandamiza gari chini hadi linapita kona kama liko kwenye reli. Bila bawa mwendo unashuka, hesabu ya Hesabu inashuka, dada analala.

---

FundiSpana

Mbishi, umegusa pazuri, na hapa hata wenyewe hawajaafikiana.

Bawa la juu lina ukubwa wa futi za mraba 25, mita za mraba mbili na robo hivi. Ni kweli linaongeza mwendo kwenye kona. Lakini lina kazi ya pili ambayo haikukusudiwa: gari likipinduka, bati lile linakunjika kwanza. Nimeshafungua bawa lililokuwa kama karatasi ya andazi, dereva anakula soseji pembeni yangu. Kila pigo lililokunja lile bati ni pigo ambalo halikufika kwenye kizimba. Pia bawa linafanya gari kutulia, halichomoki ghafla.

Sprinti isiyo na bawa inapita kona polepole zaidi, hilo ni kweli, lakini inakwenda kiubavu zaidi, na tairi likishika ghafla kwenye kituta inajipindua kwa hasira, na inapojipindua kinachogusa chini kwanza ni kizimba. Kwa hiyo unachagua: kugonga mara chache kwa nguvu nyingi, au kupinduka mara nyingi kwa nguvu pungufu. Mimi kwa nusu maili nachagua bawa, kwa dereva mpya hasa. Wapo mafundi bora kuliko mimi watakaosema kinyume.

Ubaya wa bawa ni gari likigeuka nyuma-mbele au likiinuka pua. Hapo bati linakuwa kama tanga, na zile video zilizomfanya dada azime simu ndizo hizo.

---

HesabuKali

Swali la kiufundi Fundi: kama nusu maili ni hivi, mbona ule wa maili nzima bado upo? Nimeona Springfield na Du Quoin, Illinois, bado wanakimbia udongo wa maili moja.

---

FundiSpana

Wanakimbia, lakini angalia wanachokimbiza. Pale ni magari ya Silver Crown: hayana bawa, ni mazito zaidi na marefu zaidi kati ya ekseli na ekseli. Sprinti kati ya ekseli ni mita mbili na robo hivi tu. Gari fupi kiasi hicho likianza kuyumba kwenye mnyoosho wa maili, dereva anakuwa kama mtu anayesimamisha fimbo kwenye kiganja. Sprinti zimeshawahi kukimbia maili, miaka ya nyuma hasa. Mimi sioni sababu ya kurudi huko. Ukiniuliza ni wapi pasiendeshwe sprinti, ni hapo.

---

MzeeWaKumbukumbu

Na viwanja vile vya maili ni vya maonyesho ya kilimo, vilijengwa kwa ajili ya farasi. Kona bapa, na uzio uliowekwa kumzuia farasi. Ted Horn alifia Du Quoin Oktoba 1948. Farasi hana nguvu za farasi 900.

---

MtaniWaUkweli

Mzee hapo umetoa moja kali. Naandika.

---

DadaMkubwa

Nimeongea naye saa nzima jana usiku. Alianza na "dada unajua nini kuhusu sprinti", nikamuuliza kuhusu loki-nati, akanyamaza. Asante Fundi.

Alichoniambia: ana kiti kipya cha kukumbatia kichwa na mabega pande zote. Ana kile kifaa cha shingo kinachofungwa kwenye helmeti. Anafunga mikono kwa kamba ili isitoke nje gari likipinduka. Kuna redio ya sikioni ya upande mmoja, wasimamizi wanaongea, madereva wanasikia tu. Nikamuuliza kuna nini kati ya miguu yake, akacheka vibaya kisha akasema "propela". Mnaniambia propela inapita kati ya miguu ya mtoto wa watu?

---

FundiSpana

Inapita dada. Ni ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma; iko ndani ya bomba, lakini inapita. Agosti 2013 Tony Stewart, bingwa wa NASCAR mara tatu, alivunjika mifupa miwili ya mguu wa kulia kwenye sprinti, uwanja wa nusu maili wa Oskaloosa, Iowa. Baada ya hapo watu wengi walianza kuangalia tena sehemu ya miguu: bomba limefungwaje, kuna chuma cha kuzuia magoti, kuna nafasi gani. Aulize.

Redio ya sikioni ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Magari haya hayana vioo vya pembeni. Kwenye nusu maili aliye kona ya pili haoni kilichotokea kona ya nne, na kwa mita 60 kwa sekunde, akichelewa sekunde mbili ameshakula mita 120. Bryan Clauson, Agosti 2016, Belleville, Kansas, nusu maili yenye kona zilizoinuka sana, akiwa anaongoza kwenye gari la mijeti, dogo kuliko sprinti. Alipinduka, gari likasimama, kisha likagongwa na lililokuwa likija. Alifariki kesho yake. Hapo hakuna kiti kinachotosha. Ndiyo maana taa za manjano ziwe nyingi pande zote, na mtu wa kuwasha awe macho, asiwe anaongea na shemeji yake.

Na kitu kimoja ambacho hakutaja: kwenye pedali ya mafuta kuna kanda la kupitisha vidole vya mguu. Haya magari hayana klachi wala giaboksi ya kubadilisha, yanawashwa kwa kusukumwa. Pedali ikinasa chini mwishoni mwa mnyoosho ana kama sekunde tatu: avute pedali juu kwa vidole, azime swichi. Afanye mazoezi gari likiwa limesimama, macho yamefungwa, hadi mkono uende wenyewe kwenye swichi.

---

NesiWaZamu

Naongeza. Akipinduka na hakuna moto, abaki ndani hadi tumfikie. Agosti 2014 Kevin Ward alitoka kwenye gari lake usiku, Canandaigua, New York, akatembea uwanjani, akagongwa akafa. Alikuwa na miaka 20. Hasira inashusha watu kwenye magari yaliyowalinda vizuri kabisa. Mdogo wako ana hasira?

---

DadaMkubwa

Ana hasira ya marehemu baba. Nitamwambia hilo kwanza.

---

FundiSpana

Dada, mwambie apige picha mbili anitumie hapa kupitia kwako: lebo ya mkanda, na mahali ukuta unapoishia.

Mkanda unaisha miaka miwili tangu ulipotengenezwa, hata kama unaonekana mpya. Jua, matope na jasho vinaula. Uzi unabaki na rangi lakini nguvu imeondoka.

Ukuta sasa. Watu wanaogopa ukuta. Ukuta laini uliopangwa vizuri ukiugonga kwa ubavu unakusukuma, unaendelea mbele, mwendo unaisha taratibu. Kinachoua ni pale ukuta unapokatika: lango la kuingilia piti, pengo la breki dauni, nguzo ya wavu iliyosimama mbele. Gari likifika pale kwa pua halisukumwi, linasimama. Kwenye nusu maili lango mara nyingi liko mahali ambapo gari lililoharibika linaelekea lenyewe.

---

Mbishi01

Fundi, wewe ungeandika haya toka mwanzo ningejinyamazia.

---

DadaMkubwa

Marejesho, wakuu.

Mkanda: ulikuja na gari. Lebo ina mwezi na mwaka, na ni miaka minne na nusu iliyopita. Mdogo wangu hakuwa ameigeuza hata siku moja. Mwenye timu kasema "bado mzuri huo", mdogo wangu kasema hakai. Wamebishana, mwishowe umeagizwa mpya, nusu analipa yeye. Mimi namrudishia, msimwambie.

Zimamoto: magari mawili, moja kila upande, na waliomo wamevaa. Nesi, hapo nilipumua.

Ukuta: lango la piti liko kwenye kutoka kona ya nne. Picha imekataa kupanda, nitajaribu kesho, ila kasema pale ukuta unapoishia wameweka matairi ya trekta.

---

FundiSpana

Mangapi?

---

DadaMkubwa

Matatu.

---

FundiSpana

Yamefungwa pamoja au yamewekwa tu?

---

DadaMkubwa

Yupo uwanjani sasa hivi. Ngoja nimpigie aende akayatikise.